Mji Unapopewa Hati ya Jiji

Tarehe 1 Desemba 2021 mji wa Nakuru, katika nchi ya Kenya, ulifanywa kuwa jiji. Rais Uhuru Kenyatta alifika mwenyewe akaitoa hati mbele ya watu, na kukawa na shangwe kubwa. Siku ya pili yake, darasani kwetu, msichana mmoja wa darasa la sita alisimama akaniuliza: "Mwalimu, juzi tulilala tukiwa watu wa mji, na leo tu watu wa jiji. Je, mfereji wa kwetu sasa utatoa maji?"

Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, kwa maana niliona ya kuwa swali lake lilikuwa la haki, tena sikuwa na jibu la papo hapo. Nilimwambia, "Keti, mwanangu, nitakujibu." Somo hili ndilo jibu lenyewe, ingawa limekawia.

Kwanza yatupasa kujua tofauti ya mji na jiji. Watu wengi hudhani ya kuwa mji ukikua na kujaa watu huwa jiji wenyewe tu, kama mtoto anavyokuwa mtu mzima bila ya kupewa ruhusa na mtu. Sivyo. Hesabu ya watu wa Kenya ya mwaka 1989, na ile ya 1999, na ile ya 2009, zote zilionyesha miji ikinenepa, walakini hakuna hata mmoja ulioamka asubuhi ukajikuta ni jiji. Tazameni hesabu ya mwaka 2019. Mji wa Ruiru, ulio karibu na Nairobi, ulikuwa na watu 490,120. Kisumu, mji wa kando ya ziwa, ulikuwa na watu 397,957. Kisumu ilikuwa jiji tangu mwaka 2001, na Ruiru, iliyoizidi kwa watu zaidi ya 90,000, haikuwa jiji. Basi ni dhahiri ya kuwa wingi wa watu peke yake hautoshi. Sharti pawepo neno lililosemwa na mwenye mamlaka ya kulisema, nalo liandikwe, litiwe muhuri, lisomwe mbele ya watu. Maandiko hayo ndiyo yanayoitwa hati.

Nitawapa mfano ulio karibu nami. Mimi nina cheti cha ualimu. Kabla ya kukipata nilikuwa nimekwisha kuwafundisha wadogo zangu kusoma, nao walisoma vizuri. Lakini hakuna shule ambayo ingeniweka mbele ya ubao kwa ajili hiyo. Nilipopewa cheti nikapata ruhusa, nikapata na mshahara. Hata hivyo cheti changu kimo sandukuni nyumbani, na tangu siku nilipokitia humo hakijafundisha mtoto hata mmoja. Likumbukeni sanduku hilo tunapoendelea.

Sasa na tuuangalie mji wa Nairobi, kwa kuwa ndio wa kwanza kupata heshima hii katika Kenya, na habari zake zina mafundisho mengi.

Mahali pale palikuwa bwawa na nyasi. Wamasai walipaita kwa jina la maji ya baridi, na jina hilo ndilo lililobaki. Mwaka 1899 reli iliyotoka Mombasa ilifika, na wenye reli wakapiga kambi na kujenga karakana kabla ya kuanza kupanda milima. Hapakuwa na nia ya kujenga mji mkuu. Mwaka 1900 zilitolewa kanuni za kwanza za kuutawala mji, na mpaka wake ukawekwa kwa njia rahisi sana: kila kilichokuwa ndani ya maili moja na nusu kutoka ofisi ya mtawala kilihesabiwa kuwa mji. Fikirini jambo hilo. Mtu mwenye kibanda hatua kumi ndani ya mpaka alikuwa chini ya kanuni za mji, na jirani yake wa hatua kumi nje hakuwamo, ingawa wote wawili walichota maji ya mto mmoja.

Mji ule ulikuwa mchafu. Mwaka 1902 tauni iliingia katika soko la Wahindi, na wakubwa wakaamuru lichomwe moto. Hata hivyo mji haukufa. Serikali ilihamisha makao yake kutoka Mombasa ikaja Nairobi mwaka 1905, na mwaka 1919 baraza la mji likapandishwa daraja likawa la manispaa. Huku watu wakizidi kumiminika. Hesabu ya mwaka 1948 ilikuta karibu watu 119,000, na zaidi ya nusu yao walikuwa Waafrika.

Ndipo ikaja siku ya tarehe 30 Machi 1950. Mfalme George wa Sita wa Uingereza alimtuma nduguye, Duke wa Gloucester, aje Nairobi na hati ya kifalme. Kwa hati ile Nairobi ikaitwa jiji. Wenye mji wa siku zile, yaani Wazungu waliokuwa wengi katika baraza, waliiona siku hiyo kuwa ya fahari kubwa. Mahali palipokuwa bwawa, katika muda wa miaka 51 tu, palikuwa sasa na jina lililo sawa na la miji mikubwa ya dola.

Lakini si wote waliofurahi, na hapa ndipo nataka mwangalie kwa makini. Chama kikuu cha wafanya kazi cha siku zile, kilichoongozwa na Fred Kubai na Makhan Singh, kiliwaambia watu wasiende kwenye sherehe. Walikuwa na sababu zao. Waafrika ndio waliokuwa wengi mjini, ndio waliochimba mitaro na kubeba mizigo na kupika jikoni kwa watu. Walakini katika baraza Waafrika walikuwa wachache, nao waliteuliwa, hawakuchaguliwa na wenzao. Nyumba zao zilikuwa haba na mishahara yao midogo. Wakauliza: heshima hii ni ya nani? Tena katika vijiji vilivyopakana na Nairobi ilienea hofu ya kuwa jiji lingehitaji nafasi, na nafasi hiyo ingetoka katika mashamba yao. Watu waliokwisha kunyang'anywa ardhi mara moja hawakuhitaji kuelezwa sana habari za mipaka inayosogezwa. Mwezi wa Mei mwaka ule ule Kubai na Makhan Singh walikamatwa, na mgomo mkubwa ukatokea mjini.

Nimesikia wengine wakisema ya kuwa wale waliokataa sherehe walikuwa wajinga, hawakujua ya kuwa hati ni jambo la sifa tu. Mimi sikubali. Walijua vizuri kuliko wenye kushangilia. Waliona ya kuwa ndani ya sherehe kuna mambo mawili yaliyofungwa katika kitambaa kimoja: kuna sifa, na kuna mamlaka. Sifa haimdhuru mtu. Mamlaka ndiyo ya kuangaliwa, kwa kuwa baraza la jiji hupima ardhi, hutoza kodi, hutoa ruhusa za kujenga na kuuza, na huvunja kilichojengwa bila ruhusa. Na kwa habari ya mipaka, hofu ile haikuwa ndoto tupu: mwaka 1963 mipaka ya Nairobi ilipanuliwa mno, hata eneo lake likafika kilomita za mraba 690 hivi.

Baadaye mambo yaligeuka. Mwaka 1962 Charles Rubia akawa Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Nairobi, na mwaka 1970 Margaret Kenyatta akashika kiti hicho, mwanamke wa kwanza wa Kiafrika kukishika. Hati ya 1950 haikubadilishwa kwa ajili hiyo. Kiti kilikuwa kile kile, aliyekikalia ndiye mwingine.

Tena lilikuja jambo la ajabu. Mwaka 1983 serikali ililiondoa baraza la jiji la Nairobi kwa sababu ya uendeshaji mbaya, ikaweka tume ya watu walioteuliwa nayo. Hali hiyo ilidumu hata mwaka 1992. Kwa muda wa miaka kama tisa wakazi wa Nairobi walikuwa na jiji lakini hawakuwa na diwani waliyemchagua. Jina lilikuwapo, sauti haikuwapo. Ukimwuliza mama aliyekuwa na takataka mlangoni pake siku zile angepeleka wapi malalamiko yake, jibu ni gumu kulipata.

Yaweza pia kutokea kinyume chake, jina likapotea na watu wakabaki wala wasijue. Hadithi hii ni ya Uingereza, nami huipenda kwa kuwa huwachekesha wanafunzi. Huko heshima ya jiji hutolewa na mfalme au malkia, wala haitazami ukubwa. St Davids, katika Wales, ni mahali padogo penye watu wasiotimia hata 2,000, lakini ni jiji; Malkia Elizabeth wa Pili alipapa heshima hiyo mwaka 1994. Reading ni mji mkubwa sana, umeomba mara kadhaa, na umenyimwa. Basi palikuwa na jiji la kale, Rochester, lenye heshima hiyo tangu karne ya 13. Mwaka 1998 baraza lake liliunganishwa na baraza la jirani, Gillingham, ili kufanya baraza moja jipya la Medway. Sheria iliruhusu kuwekwa wadhamini wa kuitunza hati wakati baraza linapokwisha. Wale waliokuwa wakiondoka hawakuwaweka. Hapana aliyelifikiri jambo hilo. Miaka minne ikapita, kanisa kuu liko pale pale, ngome iko pale pale, watu wakijiita watu wa jiji. Hata mwaka 2002 ikagunduliwa ya kuwa jina la Rochester halimo tena katika orodha ya majiji. Kwa kusahau tu, heshima ya karibu miaka 800 ilikuwa imetoweka! Baraza la Medway liliomba hadhi hiyo mwaka 2012 na tena mwaka 2022, na mara zote mbili halikupewa.

Tumesafiri mbali. Na turudi Kenya, tuone jinsi Nakuru ilivyoipata hati yake, kwa kuwa njia yake haikuwa ile ya mwaka 1950.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliagiza itungwe sheria ya kutawala miji. Sheria hiyo ilitungwa mwaka 2011, nayo huitwa Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji. Kwanza ilitaka mji uwe na watu 500,000 ndipo uweze kuwa jiji. Mwaka 2019 ilirekebishwa, na kiasi kikashushwa kuwa 250,000. Marekebisho hayo yalikuwa na maana kubwa kwa mji wa Eldoret. Mji huo ulianza katika shamba lililoandikwa namba 64, na wenyeji wakaliita Sisibo kwa kulitamka Kiingereza cha namba hiyo kwa ulimi wao. Katika hesabu ya 2019 ulikuwa na watu 475,716. Kwa sheria ya kwanza ungekosa kwa watu kama 24,000. Kwa sheria iliyorekebishwa ulifaa, na tarehe 15 Agosti 2024 Rais William Ruto akaupa hati, ukawa jiji la tano baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru.

Lakini sheria haihesabu vichwa tu. Huuliza kama mji una mpango wa maendeleo ulioandikwa, kama waweza kujipatia mapato, kama umeendeshwa vizuri huko nyuma, kama una barabara na taa na masoko na zimamoto, kama unajua pa kutupa taka zake, na kama wakazi hushirikishwa katika mambo yao. Kisha shauri hupita katika mikono mingi. Bodi ya manispaa humwomba gavana wa kaunti. Gavana huunda kamati ya kulichunguza ombi. Bunge la kaunti hulijadili, na likikubali, ombi hupelekwa katika Seneti huko Nairobi. Seneti nayo ikikubali, ndipo Rais hutoa hati.

Nataka mkae kidogo hapo penye Seneti. Wajumbe wanapojadili ombi la namna hii, maneno mengi husemwa ya kuusifu mji: ziwa lake, wakimbiaji wake, wafanya biashara wake, mababu walioukalia. Mgeni akisikiliza aweza kudhani ni karamu. Katika Marekani mabaraza ya kutunga sheria hufanya hivyo mara kwa mara: hupitisha azimio la kuupongeza mji uliotimiza miaka 100, azimio likaandikwa kwa herufi nzuri na kutundikwa ukutani, na kazi yake ikaishia hapo, maana halitoi amri yoyote. Kura ya Seneti ya Kenya ni namna nyingine. Ina sifa ndani yake, ndiyo, lakini bila kura hiyo Rais hana hati ya kutoa. Mjumbe aweza kusimama akauliza, "Taka za mji huu hutupwa wapi?" na aliyeuleta mji sharti ajibu. Katika mwaka 1950 hapakuwa na mahali ambapo mchukuzi wa mizigo wa Nairobi angeweza kuliuliza swali kama hilo likaandikwa katika kitabu cha baraza. Mimi naona hiyo ndiyo tofauti kubwa ya hati hizi mbili, kuliko kwamba moja ilitoka kwa mfalme na nyingine kwa Rais.

Lakini msidhani ya kuwa kila kitu kimenyooka. Mabaraza ya zamani ya miji yalikwisha mwaka 1013 baada ya miaka 1000, atasema mtoto asiyesikiliza. Sema vizuri: yalikwisha mwaka 2013, serikali za kaunti zilipoanza. Pamoja nayo wakaondoka mameya na madiwani wa miji. Kwa hiyo Nakuru ni jiji lisilo na meya. Linaendeshwa na bodi na msimamizi wa jiji, na wajumbe wa bodi hawachaguliwi kwa kura za wakazi. Wawakilishi tunaowachagua hukaa katika bunge la kaunti, nao wana vijiji vya kuangalia pia, na fedha nyingi za jiji hupitia kaunti. Wako wanaosema ni vema hivyo, ili jiji lisile chakula cha vijiji. Wako wanaosema jiji bila diwani ni nyumba bila mlango. Mimi naelekea upande wa hawa wa pili, ingawa nakiri ya kuwa madiwani wa zamani hawakuwa malaika.

Mlango mmoja mdogo upo. Sheria ya 2011 inawapa wakazi haki ya kukutana na kujadili huduma za mji wao, na kuipelekea bodi maoni yao. Mikutano hiyo hutangazwa, na mara nyingi viti huwa vitupu. Wazee wengi huniambia, "Mwalimu, hayo ni mambo ya wakubwa." Hali ndizo hizo hizo taka zilizo mlangoni pao, na ndio huo huo mfereji ulio mkavu.

Basi yule msichana nilimwita baada ya wiki mbili, nikamwambia hivi: "Mwanangu, hati haina maji. Ni kama cheti changu kilicho sandukuni. Lakini katika sheria ya jiji, maji na maji machafu yametajwa katika orodha ya huduma ambazo jiji hupaswa kuwapa watu. Kwa hiyo tangu tarehe 1 Desemba baba yako ana neno la kushika mkononi anapokwenda kuuliza."

Akafikiri. Kisha akasema, "Baba hurudi usiku, Mwalimu. Mama je, aweza kwenda?"

Nikamwambia aweza.

Kabla ya somo lijalo, kila mmoja wenu amwulize mzee wa nyumbani kwake maswali haya, ayaandike na majibu yake: Mji ulio karibu nasi ulianza lini kuitwa mji? Ni nani aliyesema hivyo? Mpaka wake unapita wapi, na sisi tu ndani yake au nje?